Boriti Ndizo Zilizonichagulia Lenzi

Mgongo umegusa ukuta, visigino vimegusa ukuta, kamera nimeikumbatia kifuani, na bado kitanda hakijaingia chote. Hivyo ndivyo nilivyoanza kupiga picha za vyumba Mji Mkongwe, Unguja. Kabla ya hapo kazi yangu ilikuwa harusi, upande wa wanawake, kwa kuwa mimi ni mwanamke na huko ndani mwanamume haingii na kamera. Siku moja, watu hawajafika, mama wa bibi harusi akanishika mkono. “Mwanangu, kabla hawajajaa, nipigie na hiki chumba. Marehemu baba yake alikipaka chokaa kwa mkono wake.” Nikajibana pembeni, nikaizungusha lenzi yangu mpaka mwisho wa upana wake. Nilipata nusu ya samadari na kipande cha dirisha. Yule mama aliitazama picha kwa muda, akanishukuru kwa heshima, na nikajua kwamba sikumpa alichokitaka.

Nilidhani kasoro iko kwenye lenzi tu. Aliyenifungua macho ni mzee mmoja, fundi wa chokaa, niliyemkuta akikarabati nyumba ya jirani. Nilimwamkia, nikamlalamikia kwamba vyumba vya watu wa zamani ni vyembamba mno. Akanyanyua kidole kuelekea darini. “Mwanangu, hesabu boriti.” Boriti ni mikoko. Mkoko ulionyooka na wenye unene wa kubeba dari ya mawe na chokaa hauna urefu wa kutosha kuvuka ukumbi mkubwa, na kila ncha yake lazima iingie ndani ya ukuta ishikwe. Ndiyo maana chumba cha nyumba ya mawe, iwe Unguja, Lamu au Pate, upana wake ni mita 2.5 mpaka 3 hivi, hata kama kwa urefu kinakwenda mita 8. Aliyejenga hakukosa fedha wala ardhi. Mti ndio uliopima.

Nikaenda nyumbani na kalamu. Hesabu ya upana wa lenzi si ngumu, na nashangaa wauzaji wa kamera hawaielezi: chukua upana wa kihisi cha kamera, ugawe kwa milimita za lenzi, kisha uzidishe kwa umbali kutoka kamera mpaka kitu unachokipiga. Kihisi kikubwa, kile tunachokiita fulufremu, kina upana wa milimita 36. Yangu wakati ule ilikuwa Canon ya kihisi kidogo, ambayo milimita za lenzi yake unazizidisha kwa 1.6 ili uzilinganishe na fulufremu. Kwa hiyo ile 18 ya lenzi iliyokuja na kamera ilikuwa sawa na kama 29. Chumba kina mita 2.8. Mwili wangu na kamera vimekula nusu mita. Imebaki mita 2.3 mpaka ukuta wa pili, na hapo lenzi yangu iliona mita 2.9 za ukuta. Kitanda nacho hakikuwa ukutani, kilikuwa karibu yangu zaidi, mita 1.2 hivi, na kwa umbali huo niliona mita 1.5 tu. Samadari ya mita 2 ingeingiaje?

Dawa, nikaona, ni lenzi pana kuliko hiyo. Mjomba wangu aliyeko Dubai akanitafutia 10-22 ya mkono wa pili, ambayo mwanzo wake kwenye kamera yangu ni sawa na 16. Siku iliyofika sikula. Nilizunguka nyumba nzima nikipiga jikoni, chooni, chini ya ngazi. Kila mahali palipokuwa pamenibana pakawa kama uwanja. Kutoka ukutani kwangu nilikuwa naona mita 5 za ukuta wa mbele! Nikaanza kupata kazi za nyumba za wageni, na wenye nyumba walifurahi, kwa sababu vyumba vyao vilionekana vikubwa kuliko walivyovijua wenyewe.

Furaha ile ilidumu mpaka asubuhi moja nilipokuwa napiga baraza ya juu ya nyumba ya wageni, akaja mama na watoto wawili na mizigo yao. Alishika simu, kwenye simu picha yangu. Alimwuliza mwenye nyumba kwa upole kabisa, “Kaka, hiki ndicho chumba hiki?” Alikuwa amekichagua kwa sababu kwenye picha aliona nafasi pembeni ya kitanda, akapiga hesabu kwamba watoto watatandikiwa mkeka pale. Walipoondoka niliingia na utepe wa kupimia. Kutoka kitandani mpaka ukutani ilikuwa sentimita 60. Kwenye picha yangu mtu angeapa ni mita 2. Mwenye nyumba hakunilaumu hata kwa neno, lakini mimi nilijilaumu, na tangu siku ile nilianza kujiuliza nini hasa hutokea ndani ya picha pana.

Jibu la kwanza lilinisumbua, kwa sababu linapinga tunavyozoea kusema. Lenzi pana haitanui chumba. Kinachokitanua ni mahali uliposimama. Ukiwa na lenzi pana unaweza kusogea karibu sana na mguu wa kitanda na bado ukauona ukuta wa mwisho. Basi mguu ulio karibu unakuwa mkubwa, ukuta ulio mbali unakuwa mdogo, na jicho la mtazamaji linajaza katikati umbali ambao haupo. Lenzi inakupa ruhusa tu ya kusimama pale. Jibu la pili ni la pembeni mwa picha. Kitu chenye umbo la mviringo, mtungi, taa ya kuning’inia, kichwa cha mtoto, kikikaa kwenye kona ya picha ya lenzi pana, huvutwa kuelekea nje. Kwa 24 kwenye fulufremu, mvuto wa kona kabisa ni kama mara 1.35. Kwa 14 unakaribia mara 1.85. Mtungi unakuwa tikiti. Ukiona picha ya sebule ambayo kochi la kona limerefuka kama jahazi, ujue mpigaji alikwenda chini ya 18.

Leo jambo hili limekuwa la kila mtu. Tangu simu zilipoanza kuwekewa lenzi ile ya 0.5 (iPhone ya 2019 ilikuwa nayo, sawa na milimita 13), kila dalali wa nyumba Dar es Salaam anapiga chumba cha kupanga akiwa amesimama mlangoni, simu imeinuliwa juu ya kichwa, na chumba cha futi kumi kwa kumi kinaonekana kama darasa. Mpangaji analipa nauli kwenda Mbagala kuona chumba ambacho hakipo. Silaumu simu. Nasema tu kwamba sisi tunaoitwa wapiga picha wa majengo hatuna haki ya kufanya kazi ya aina hiyo kwa vifaa vya ghali zaidi.

Somo kubwa nililipata Lamu. Nilialikwa kwenye nyumba ya zamani iliyokuwa ingali na zidaka zake, zile shubaka za chokaa zilizopangwa ukuta mzima kule ndani kabisa, zamani zikiwekwa vyombo vya kaure. Nyumba ya Kiamu ina mpango wake: unatoka dakani, unaingia kiwandani, yaani uani, kisha misana miwili, mmoja nyuma ya mwingine, kisha ndani. Kila ukiingia unapanda kidogo, na kila msana una upana uleule wa boriti. Nilisimama kwenye ukingo wa kiwanda na lenzi yangu pana, mita 2 kutoka uwazi wa msana wa kwanza, nikapiga. Uwazi ulijaa picha nzima na zidaka kule nyuma zikawa kama viberiti. Bibi mwenye nyumba, mtu mzima sana, alikuwa amekaa kwenye kiti akinitazama. Nilipomwonyesha akasema, “Mbona umezitupa mbali zidaka zangu? Sisi mgeni akiingia tu, jicho lake huenda huko.”

Nikakaa chini nikafikiri. Toka uwazi wa kwanza mpaka zidaka ni kama mita 8. Nikisimama mita 2 kabla ya uwazi, zidaka ziko mita 10 kutoka kwangu, yaani mara tano ya umbali wa uwazi, na huonekana ndogo mara tano. Nikirudi nyuma mpaka ukuta wa pili wa kiwanda, mita 6, zidaka zinakuwa mita 14, mara mbili na ushei tu. Nikamwomba mwenzangu niliyekuja naye kamera yake ya fulufremu yenye 35, nikarudi mpaka mgongo ukagusa ukuta, safari hii ukuta wa upande wa pili wa ua. Misana ikajipanga, kivuli juu ya kivuli, na mwisho wake zidaka zikawa zidaka, hata unaweza kuhesabu ngazi za shubaka. Bibi hakusema kitu. Alichukua kitambaa akaenda kufuta vumbi kwenye shubaka mbili za chini, akarudi akaniambia nipige tena.

Aliyeijenga nyumba ile alijua mgeni atasimama wapi na jicho lake litapita wapi. Mimi nilikuwa naingia na lenzi kama mwenye haraka, nikitaka chumba kizima kwa mdomo mmoja. Tangu hapo, kabla sijafungua begi, ninakaa. Ninakaa kwenye kiti cha mwenye nyumba, au kwenye mkeka, au ninasimama mlangoni kama mgeni, na ninauliza jicho linaona nini kutoka hapo. Kisha ndipo ninachagua lenzi itakayofika hapo bila kuzidi. Mara nyingi jibu ni 24. Mara nyingine, kwa mshangao wa wateja, ni 35.

Nilipobadili kamera nikaingia fulufremu, ile 10-22 haikuweza kukaa juu yake, kwa sababu imetengenezwa kwa kihisi kidogo tu. Niliiuza kwa hasara. Anayeanza alijue hili mapema: ukiona unaelekea fulufremu, usiweke akiba yako yote kwenye lenzi ya kihisi kidogo. Badala yake nilinunua, baada ya kuweka fedha kwa muda mrefu, Canon TS-E 24 ya toleo la pili, lenzi inayoteleza. Imetoka 2009 na mpaka leo sijaona kinachoniridhisha kuliko hiyo. Haina fokasi ya kujiendesha, unaizungusha kwa mkono. Lakini mwili wake unaweza kuteleza juu, chini au pembeni kwa milimita 12, na hapo ndipo thamani yake ilipo.

Nitaeleza kwa mfano wa jengo lililo karibu na bandari ya Malindi, Zahanati ya Zamani aliyoianzisha Tharia Topan, ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa 1887. Ina roshani za mbao zilizochongwa ghorofa juu ya ghorofa. Ukisimama barabarani na lenzi ya kawaida, itakubidi uinue kamera ili upate paa, na ukiinua tu, nguzo zinaegemeana juu kama watu wanaonong’onezana. Fundi anayeshika timazi hawezi kuvumilia picha hiyo. Kwa lenzi inayoteleza, kamera inabaki imesimama wima, pima maji katikati, halafu unaitelezesha lenzi juu milimita 12. Kwa kuwa nusu ya kimo cha kihisi ni milimita 12 hasa, mstari wa macho yako unashuka mpaka ukingo wa chini wa picha, na nafasi yote iliyokuwa ya lami inakuwa ya roshani na paa. Nguzo zinasimama kama zilivyosimamishwa.

Ndani ya vyumba vyembamba naitelezesha pembeni. Ninapiga moja kushoto, moja katikati, moja kulia, kamera haijasogea hata unywele, kisha kwenye kompyuta naziunganisha. Milimita 36 zinakuwa 60, na 24 yangu inaona kwa upana kama lenzi ya 14. Mwanzoni nilidhani nimeipiga chenga hesabu. Hapana. Mtungi ulioko ukingoni unavutwa vilevile, kwa sababu pembe ni ileile. Nilichopata ni wingi wa maelezo na uhuru wa kuchagua, si msamaha.

Lakini kuna jambo moja kuhusu lenzi pana ambalo limenifanya niiheshimu badala ya kuikimbia. Ukuta bapa, ukiupiga kamera ikiwa sambamba nao kabisa, hauvutwi. Kidaka cha kona na kidaka cha katikati vinatoka kwa uwiano wao wa kweli, hata kwa 17, hata kwa 14, mradi lenzi yenyewe haipindi mistari. Kinachovutwa ni kile chenye unene unaokuja kuelekea kwako. Kwa hiyo lenzi ileile iliyomdanganya mama yule wa mizigo inaweza kuwa kipimo cha fundi. Inategemea umeisimamisha vipi. Sasa hata katika kazi za hoteli ninaondoa vitu vya mviringo pembeni mwa picha, ninaiweka kamera kwenye kimo cha kifua cha mtu, mita 1.3 hivi, na ninaipigia pima maji kila mara.

Kuhusu kununua nitasema machache. Usilipie tundu la f/2.8 kama kazi yako ni majengo. Kamera iko kwenye tripodi, chumba hakikimbii. Mimi napiga f/8, ISO 100, na shata ikitaka sekunde 2 naipa. Kwa 24 kwenye f/8, ukiweka fokasi mita 2.4, kila kitu kuanzia mita 1.2 mpaka mwisho wa upeo kimeshika. Hizo fedha za f/2.8 nunua tripodi isiyotikisika. Pili, lenzi pana sana mara nyingi ina kioo cha mbele kilichotuna kama jicho la chura, hakipokei kichujio cha kuzungusha, na ukielekea dirisha la jua la saa nne utapata madoa ya mwanga ndani ya picha. Sisi tunaoishi pwani tuna pia adui wetu wa peke yetu, ukungu unaoota ndani ya vioo kwa sababu ya unyevu. Nimepoteza lenzi moja nzuri kwa kuifungia kabatini masika nzima. Weka kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana pamoja na vipakiti vya kukausha unyevu, na ukitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi, acha begi limefungwa nusu saa kabla ya kuitoa lenzi nje, la sivyo kioo kitavuja jasho.

Lenzi ya 17 ninayo pia, ninaitumia kwenye ngazi, maana ngazi za Mji Mkongwe hazina mahali pa kurudi nyuma. Nyumba nzima kwa 17 siipigi tena.

Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka, nyumba ambayo Sultani Barghash aliijenga 1883. Watu walianza kutafuta picha za zamani. Nami nilifungua zangu usiku ule, nikitetemeka. Nilikuwa nimepiga ndani ya jumba lile mara tatu, na karibu zote nilizipiga kwa ile 10-22, kamera imeinamishwa juu, nguzo zimeegemea, sakafu imerefuka. Picha za kupendeza. Hakuna fundi ambaye angepima kitu humo. Niliumia kuliko ninavyoweza kueleza, kwa sababu nilisimama pale, nilikuwa na mwanga, nilikuwa na muda.

Kwa hiyo sasa kila nyumba ya mawe ninayoingia, kazi ya mteja ikiisha, ninabaki robo saa kwa ajili ya nyumba yenyewe. Napiga kila ukuta sambamba. Kisha naiweka kamera chali sakafuni, nainyoosha kwa pima maji, lenzi ya 24 inatazama dari. Dari ikiwa mita 3 juu ya lenzi, kimo cha picha kinachukua mita 3 kamili, na upana wote wa chumba cha mita 2.8 unaingia, ukuta kwa ukuta, boriti zimelala kama meno ya kitana. Ninaweka utepe wa kupimia sakafuni na mwingine ninauegemeza ukutani, uonekane kwenye picha.

Masika moja mama yule wa harusi alinipigia simu. Dari ya chumba alichokipaka marehemu ilikuwa imeshuka upande wa dirisha, hakuna aliyeumia. Nilikuwa nimerudi kwake mwaka uliotangulia, nikampigia kile chumba upya kwa 24, kitanda chote, dirisha zima, na mwishoni ile picha ya dari. Nilikwenda nayo imechapishwa kwenye karatasi kubwa. Mzee fundi wa chokaa alikuwa ameshafika. Nilimwamkia, nikaitandika karatasi juu ya samadari. Alivaa miwani, akaipitisha ncha ya penseli juu ya boriti moja baada ya nyingine, akihesabu kwa sauti ndogo. Aliposimama kwenye ya kumi na saba aliinua macho kwenye shimo, akarudi kwenye karatasi, akaandika namba pembeni. “Nne za mita tatu,” akamwambia kijana wake. “Nenda kamwambie wa mikoko.”